Viazi vya Dukani kwenye Shamba la Juu

Jumanne, 12 Septemba

Mbegu zimefika! Ushirika umetugawia leo, tuzizalishe tuuze mbegu. Viazi vyenye cheti, kila gunia na kibandiko chake. Vidogo kama mayai, vimenywea, vimetoa vichipukizi vya zambarau. Vizuri mno. Nimevitandaza chini ya kitanda. Mume wangu Venusti analalamika chumba kinanuka udongo. Na akalale kwa mama yake basi.

Mama mkwe naye hakukosa kuja kuchungulia. Aliokota kimoja, akakigeuza, akakirudisha kama aliyeshika chura. Eti siku hizi tunakula chakula cha mbuzi? Nikamwambia, Mama, hivi ni vya kupanda, chukua kikapu kimoja ukapande kule kwako. Shamba lake liko juu ya langu, mvua ikinyesha maji yake yote yanashukia kwangu, kisha kwa Spesioza, kisha kwa wengine wote hadi bondeni. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mkamwana, nilianza kupanda viazi mama yako bado anacheza kombolela!"

Basi. Nimemenya maharage kwa hasira.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimepanda. Mgongo umekufa.

Na yeye amepanda. Viazi vya dukani! Vile vya kula, vikubwa, ngozi nyekundu, vimeoshwa vinang'aa kama viatu vya padri. Amekaa juu ya kitenge anavikata vipande kwa kisu cha jikoni, kisu kilekile, kiazi hiki, kiazi kile. Nikauliza vilitoka shamba gani. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Vimetoka dukani."

Dukani! Kana kwamba duka lina shamba lake nyuma ya kaunta.

Nimemweleza taratibu. Kiazi kinaweza kuwa kizuri sufuriani na bado kina ugonjwa ndani, ukikipanda unaupanda. Mkaguzi wa mbegu akikuta ugonjwa huo wa mnyauko kwa mmoja wetu, mteremko mzima hauuzi mbegu, na hatupandi tena viazi hapa kwa misimu kadhaa. Akasema yeye hajaolewa na ushirika.

Nimemwomba Venusti azungumze naye. Venusti kasema, "Mama ni Mama." Hiyo ndiyo hotuba yake. Amemaliza. Akawasha redio.

Jumatatu, 2 Oktoba

Panya wamenitenda. Mistari yangu ina mapengo kama meno ya mzee. Vya Mama juu vimeota vyote, vinene, vimepeana mabega. Ameninyooshea kidole mbele ya watu waliokuwa wanapita kisimani: "Yule ndiye mwenye mbegu za cheti! Cheti kimeota, viazi havijaota!"

Wamecheka. Mimi pia nimecheka, meno tu.

Kesho naenda Byumba kwenye msiba wa shangazi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimerudi. Mapengo karibu yote yamejaa! Kumbe mbegu zilichelewa tu. Na Mama ananichekea vizuri tangu nifike, hata ugali ameniachia. Labda amechoka kugombana. Mimi nimechoka zamani.

Jumatano, 25 Oktoba

Jana shina moja kwa Mama lililala mchana, majani bado ya kijani. Jioni likasimama. Leo tena limelala, pamoja na shina la pembeni yake.

Anasema ni fuko. Ametega mtego wa fuko. Nimemwambia fuko hakati mzizi kisha akaurudisha jioni. Akajibu, "Fuko wa siku hizi wamesoma." Na anajua ananiudhi — anacheka kwa pua!

Jumamosi, 4 Novemba

Nimekata shina lake moja, nikalichovya kwenye glasi ya maji safi, tukakaa tunaangalia. Haukupita muda. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, kama maziwa yanayovuja. Mnyauko. Wala si jambo la kubishana.

Mama ameitazama glasi sana. Halafu kasema nimetia maziwa.

Maziwa! Ng'ombe wenyewe hatuna!

Nikamsihi tuyang'oe yale yaliyolala na majirani zake, tuyachome. Hataki. Eti watu watasema nini, mkamwana kang'oa chakula cha mama mkwe. Mchana kutwa nimechimba mtaro kati ya shamba lake na langu ili maji yake yapite pembeni. Peke yangu. Yeye kajikalia ukingoni na mwavuli wake ananielekeza: hapo umepinda, hapo hujafika, jembe halishikwi hivyo. Venusti amepita akasema pole na kazi.

Nimekaribia kumzika humo.

Ijumaa, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Shina limelala kwangu. Katikati ya shamba, mbali na mtaro, mbali na maji yake. Nikakimbia mistari yote. Jingine. Na jingine. Nikakata, nikachovya — uzi uleule. Nikapiga magoti pale pale kwenye tope, nawaza ni mbegu, mbegu zenye cheti zimenisaliti, nitamweleza nini Spesioza.

Nikafukua moja. Chini yake kipande cha kiazi kilichooza nusu. Kipande, kimekatwa kwa kisu. Ngozi nyekundu.

Nikapanda juu kwa Mama bila hata kuvaa viatu. Nikamwonyesha. Hakubisha. Mara ya kwanza tangu niolewe, hakubisha! Alikuwa anachambua mtama, mikono ikasimama.

"Ulikuwa umekwenda kuzika," akasema. "Nikaona mapengo yako. Nikaona watu wanavyocheka, na mimi ndiye niliyewachekesha. Nikasema nikujazie kwa vile vyangu vilivyobaki, vilikuwa vimekwisha kuota."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi sana ulivyorudi."

Nilikuwa nimekuja kupiga kelele. Nilizileta zote, zimenijaa kifuani, zikakosa pa kutokea. Mtu anakuharibia kila kitu kwa kukuhurumia — unamgombezaje? Nimekaa tu kwenye kinu nikalia. Naye akaniambia niinuke kwenye kinu, si kiti.

Mkaguzi anakuja Jumatatu.

Jumapili, 12 Novemba

Baada ya misa Spesioza kanishika mkono. Mwenyekiti wetu wa ushirika, na msimu huu hana shamba jingine zaidi ya hilo la chini yangu. Mtaro wangu unamwagia ukingoni mwa shamba lake, na hajalalamika, alinisifu kwa kuuchimba. Akaniuliza, "Donata, kwako salama?"

Nikasema salama.

Limenitoka lenyewe! Mama alikuwa nyuma yangu, alisikia. Njiani hatukuzungumza. Venusti kauliza mbona kimya, tumegombana? Hapana, Venusti, hatujagombana, ndiyo taabu yenyewe.

Jumatatu, 13 Novemba

Naandika haraka, jikoni, mikono ina tope.

Asubuhi nilipotoka nikaona juu peupe. Shamba lote la Mama limeng'olewa! Ameamka kabla yetu sote, kang'oa hadi shina la mwisho, lililolala na lililosimama. Nusura nimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikatazama alikotupa.

Mtaroni! Yote! Mtaro umejaa majani mpaka mdomoni, na wingu jeusi limekaa mlimani, mvua ikishuka yanakwenda moja kwa moja kwa Spesioza. Nikaruka humo nikaanza kuyatoa kwa mikono. Venusti naye — sikuamini — akavua koti akaingia, wala hakuuliza. Mama kasimama juu, kavaa nguo yake ya kanisani, anasema, "Si nilikuwa nasaidia?"

Hatujafika nusu wakatokea. Mkaguzi mbele, Spesioza na wanawake wote nyuma. Nikakimbilia huku kunawa. Ukuta wa matete, nasikia kila kitu.

Ameona shina lililolala kwangu, nasikia analifukua. Anauliza nani alipanda hapa kiazi chekundu.

Kuku tu wanaparua.

Mama: "Mimi. Mukamusoni. Liandike vizuri, kwenye kitambulisho walilikosea."

Wanawake wanaguna. Sauti ya Spesioza imepanda, sijashika maneno. Mkaguzi anauliza kama mwenye shamba alijua.

"Hakujua," anasema Mama. "Mkamwana wangu anajua mbegu kuliko ninyi nyote. Angejua angewaambia."

Sasa Spesioza: "Donata yuko wapi? Nataka kumsikia mwenyewe."

Venusti ananiita. Mama naye anapaza sauti nimsikie, kama ananituma chumvi: "Mkamwana! Njoo uwaambie hukujua!"

Maji ya beseni yamekuwa meusi, mikono bado haijatakata. Spesioza ananiita tena. Nipo mlangoni, na nimejua tangu Ijumaa.