Uzito Nilioubeba Kutoka kwa Fundi

Jumanne usiku

Nimekosea kuchagua. Tangu nifunguliwe plasta, mkono huu wa kulia hauna nguvu, na nesi alisema ninyanyue kitu kidogo kila siku nyumbani. Leo tukaenda na binti yangu Neema kwa fundi wa kuchomelea hapa Makanyagio, anayetengeneza vyuma vya mazoezi kwa kumwaga zege kwenye makopo ya rangi na kutia mshikio wa bomba. Kulikuwa na mazito na mepesi, bei moja. Nikachukua mazito, kama ninavyochagua tikiti sokoni.

Neema akasema, "Mama, hatununui nyama."

Sikumsikiliza. Nyumbani hata kopo moja halikufika magotini. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, lakini moyoni...

Jumamosi anaolewa, anakwenda Sibwesa. Nani atanitwisha ndoo? Majirani wapo, ila alfajiri utamwamsha nani? Na zege likiniangukia humu chumbani peke yangu, nani atajua?

Kesho nayarudisha makopo kwa fundi. Neema ametafuta galoni dogo tupu la mafuta, unatia mchanga kidogo, mkono ukizoea unaongeza. Linakaa chini ya kitanda.

Jioni tumeanza na kikombe kimoja cha mchanga. Nikalifikisha begani kwa shida. Neema hakucheka tena. Akaukanda mkono wangu polepole, akasema, "Mama, nikae kwanza mpaka upone?"

Nikamwambia, "Nenda mwanangu, nitaweza."

Sijui kama nitaweza. Ila mtoto hawezi kuacha ndoa yake kwa ajili ya ndoo ya maji.