Kijiti cha Kushoto

Buruburu, Nairobi
Jumanne

Kwa dadangu mpendwa Lorine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Wekulo na watoto wote. Je, kifua cha yule mdogo kimepoa? Na mahindi mmeshapalilia, ama mvua bado inawazungusha? Huku kwetu mwili hauna neno. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu.

Najua utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za ng'ombe. Isitoshe, wewe kwenye simu hunikatiza. Kwa hivyo nimeandika, na nitaituma na basi la kesho asubuhi ikufikie kabla hujafunga safari ya Jumamosi ya kuja kumchukua Baba. Tafadhali isome yote ndipo ukasirike.

Nianze na Sagal, maana najua Baba amekujaza jina hilo masikioni. Ni binti wa Mama Ruqiyo, yule muuza vitambaa kwa jumla aliyehamia nyumba inayotazamana na yetu mwaka juzi. Ana miaka ishirini, anasomea uhandisi. Na aliyemleta kwa Baba ni mimi mwenyewe, mjinga mimi! Alikuja kibandani kwangu nimtengenezee chaja, akaiona juu ya meza ile helikopta nyekundu ya Baba ya kurusha kwa rimoti, imefunguliwa matumbo. Akaanza maswali. Panga hizi hugeuzwaje, waya huu unaenda wapi. Nikamjibu kwa madaha yote, nikajiona profesa. Kisha akauliza ni nani huirusha, na hapo ikabidi niseme ni Baba.

Wewe unajua habari zangu na kurusha. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoiangusha ile ya kwanza juu ya paa la kanisa, na Baba akasema mikono yangu ni ya kutengeneza, si ya kurusha. Alisema mara moja tu, akicheka, na nadhani alisahau siku hiyohiyo. Mimi sikusahau. Miaka ishirini na mitatu nimelehemu waya zake, nimebadilisha panga zake, nimembebea betri hadi kiwanjani Njiru kila Jumapili baada ya ibada, nikasimama nyuma yake nikipiga miluzi ili watoto wa watu wasikaribie. Sijawahi hata siku moja kuambiwa shika wewe.

Unaikumbuka ile rimoti yake kuukuu, ambayo mpaka leo huiita redio, aliyoachiwa na mhandisi wa Kijapani aliyekuja kufunga mitambo kiwandani kwao? Mimi kazi yangu ilikuwa kuipangusa vumbi. Sagal alivishwa shingoni, kwa mkanda wake, Jumapili ya pili tu! Akaiinua helikopta mpaka usawa wa kiuno, akaituliza pale hewani huku wale korongo wa jalala la Dandora wakipita juu yake, akaishusha polepole mpaka chini. Baba akapiga makofi. Akawatangazia wote waliokuwepo kwamba msichana huyu ana mikono ya kurusha. Nami nimesimama hapo na betri zake mkononi. Roho iliniuma, Lorine, nisikudanganye. Nilishikwa na wivu wa mtoto mdogo, mimi mwenye ndevu.

Baadaye Mama Ruqiyo alikubali kumnunulia binti yake rimoti yake mwenyewe na helikopta ndogo ya kujifunzia. Baba akanituma mimi mjini nikachague, akisema hakuna anayejua vyombo kama mimi. Alinipa masharti yake akihesabu kwa vidole. Niishike kwanza mikononi kabla sijatazama urembo wake, kwa sababu rimoti ikikuchosha mkono dukani itakuangusha kiwanjani. Chaneli za kuamuru mwendo zisipungue sita, helikopta si gari la kuchezea. Isiwe ya kukatika mawimbi ikifika mbali. Na zaidi ya yote, kijiti cha kupandisha kiwe mkono wa kulia, kama cha redio yake.

Hapo kwenye kijiti nikueleze kidogo, kwa kuwa ndipo kesi yangu ilipo. Rimoti hizi zina vijiti viwili. Kwa nyingine, kama ya Baba, kijiti cha kulia ndicho hupandisha na kushusha helikopta, na cha kushoto huinamisha pua. Kwa zilizo nyingi siku hizi ni kinyume, cha kushoto ndicho hupandisha. Mtu akishazoea upande mmoja, vidole havifikiri tena, vinakwenda tu. Na Baba hufundisha kwa kusimama kando ya mwanafunzi. Mimi zamani aliniwekea vidole vyake juu ya vyangu. Sagal hamgusi, anaiheshimu dini yao ya Kiislamu, kwa hivyo mambo yakiharibika humwambia lete, naye humvulia rimoti haraka, na Baba akaiokoa helikopta ikiwa bado hewani. Ndiyo maana alitaka zifanane.

Nilirudi na ya kushoto.

Nikamwambia Baba kwamba dukani wamesema za kulia hazitengenezwi tena. Aliigeuzageuza, kisha akasema basi dunia imehama, na yeye hawezi kumzuia mtoto wa watu kwa sababu ya vidole vyake vya kizamani. Atajifunza kushoto. Mzee wa miaka sabini na moja! Kila alasiri akawa anakaa kwenye ngazi ya mlango na ile rimoti, bila helikopta, anasukuma vijiti bure na kujisemea kushoto panda, kushoto panda. Sagal yuko pembeni yake na vitabu vyake, anamsahihisha, anamwambia wallahi Mzee umekosea tena, na wote wawili wanacheka hadi majirani wanachungulia. Nilidhani somo litakwama, kumbe niliwatafutia la kuwaweka pamoja kila siku. Mimi niko kibandani nawaona, nikajichoma kidole kwa chuma cha kulehemu, na hakuna aliyeuliza.

Jumapili ya majuma mawili yaliyopita Baba alisema anataka kuirusha nyekundu yake, kwa redio yake, ajifurahishe tu. Ilipanda vizuri, ikazunguka kiwanja, tukashangilia. Ilipokuwa inashuka upepo uliisukuma chini ghafla. Baba alitaka kuipandisha. Mkono uliokwenda ulikuwa wa kushoto. Kwa redio yake, Lorine, kushoto si kupanda. Pua iliinama, ikaenda kujichimbia ardhini, panga zikavunjika zikaruka huku na huku. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Sagal alipiga yowe akakimbilia vipande. Baba hakukimbia. Alibaki pale pale anaitazama mikono yake, huu, kisha huu.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu alikupigia. Alikuambia mikono yake imemsaliti, Nairobi imemshinda, umpeleke nyumbani Butere akapumzike. Ulilia. Uliponiuliza mimi, nilikujibu kwamba ni uzee tu, umri umefika. Naam, maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Redio ameifunga ndani ya leso ya marehemu Mama na kuipandisha juu ya kabati. Hajinyoi tena, anaogopa wembe. Chai namimina mimi. Jana asubuhi aliniomba nimkatie mkate. Mtu aliyekuwa akiunga waya mwembamba kama unywele ananiomba mimi nimkatie mkate, kwa sauti ya mtu anayesumbua, na mimi nikaukata.

Dada, si uzee. Siku ile dukani muuzaji aliniwekea rimoti mbili mezani, za aina moja, rangi moja, zote ziko sawa mkononi. Akaniuliza nataka ya kulia au ya kushoto. Nikasema ya kushoto. Hakuna aliyenilazimisha, wala sikuchanganyikiwa. Nilitaka Baba amwambie lete halafu asijue la kufanya mbele ya watu. Nilitaka hiyo mikono ya kurusha ikose mwalimu.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Rimoti ile hata ikiwa ya kushoto hugeuzwa. Unafungua skrubu za nyuma, unahamisha springi ya kijiti, unachagua upande kwenye skrini, unafunga. Robo saa haiishi. Nilijua hayo tangu dukani. Nilijua kila alasiri alipokuwa pale ngazini akihangaisha vidole vyake vya uzeeni, na bisibisi iko kwenye mfuko wangu wa shati.

Leo mchana nilimwomba Sagal rimoti yake nikidai naisafisha. Nimeigeuza. Iko hapa mezani mbele yangu, kijiti cha kulia kinapandisha kama Baba alivyotaka. Sagal alipokuwa akinikabidhi alisema Baba humwambia kila siku kwamba bila Kweyu hakuna kitu chake ambacho kingewahi kupaa. Unadhani nilifurahi? Nilizidi kukasirika. Miaka yote hiyo nimengoja neno hilo, na limepitia kwake. Kwa hivyo usidhani nimekuwa malaika. Wivu bado ninao, hata sasa ninapoandika jina lake kalamu inakaribia kutoboa karatasi.

Ninachokuomba ni kimoja. Usije Jumamosi kumchukua Baba. Njoo umtembelee. Akitaka kwenda Butere aende kwa sababu amechoka na kelele za mji, asiende akiamini mikono yake imekufa, kwa sababu haijafa, nimeichezea mimi. Nitamwambia mwenyewe kabla hujafika. Nikishindwa, na unanijua naweza kushindwa, barua hii unayo.

Nisalimie shemeji Wekulo, mwambie redio yake niliyoahidi kutengeneza bado naikumbuka. Wape watoto pole ya shule na salamu za mjomba. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi ndugu yako, ambaye leo sina haki ya kujisifu,
Kweyu

Nimeikunjua tena kabla sijaipeleka kituoni. Nilipomaliza kutia sahihi Baba alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza namwandikia nani kurasa zote hizi. Badala ya kujibu nikampa asome mwenyewe. Alivaa miwani akakaa kwenye kiti chake, akasoma yote, ukurasa wa kijiti akaurudia. Alinirudishia karatasi, akanyoosha mikono yake mbele ya uso akaitazama, akainuka akaenda jikoni. Nilisikia droo ya visu ikifunguliwa.

Amejikatia mkate mwenyewe, vipande viwili, vimenyooka sawasawa. Kimoja amekula akiwa amesimama, kisha akatoka nje kwenda kukaa ngazini. Kingine amekiacha kwenye sahani, hapa mezani, karibu na rimoti. Mpaka sasa hajanisemesha, na mimi sijui kama ni changu.