Majina Mawili ya Koko Ruth

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Na bado Jules ananiita "mke wangu" kama neno alilolinunua jana. Wiki tatu tangu harusi yetu kule Louisville! Kipande cha keki kiko kwenye friji, hatutaki kukimaliza. Leo alinishusha kazini, mtaa wa Riverside, kisha akanipigia simu akiwa bado parking: donc, basi umeshanisahau? Mjinga wangu.

Nilimchana nywele Koko Ruth, bibi ninayemhudumia nyumbani kwake. Ana miaka tisini na nne, ninamtunza tangu Machi. Ujanani alikuwa akikata na kuunganisha filamu. Miaka ya hamsini, kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka Wakomunisti ilimwita, ikataka majina ya wenzake. Alikataa. Hakupata tena kazi ya filamu. Leo, kwa mara ya kwanza, alininong'oneza majina yenyewe. Mawili. Siyaandiki hata hapa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilimsimulia Jules, bila majina. Akanishika mkono tu. Anajua. Baba yangu naye aliulizwa majina na watu wenye bunduki, kule Uvira, Kongo. Aliyataja. Ndiyo maana tuko hai. Nikiosha vyombo bado nasikia wanavyogonga mlango wa jirani zetu, kina Zihindula.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nesi wa kupima kumbukumbu alikuja na faili, pamoja na binti wa Koko anayeishi Columbus, ili kuamua kama Koko anaweza kuendelea kuishi kwake. Koko alitaja siku na mwaka bila kukosea. Nesi: sasa nitajie watu wawili uliofanya nao kazi zamani.

Koko akalitazama faili. "Nilishawaambia hapana."

Nesi akaandika. Binti akasema taratibu: unaona, amesahau, hawezi kubaki peke yake. Nesi akanigeukia: wewe uko naye kila siku, amewahi kukutajia mtu? Jina moja tu.

Jina moja lingemwacha nyumbani kwake. Koko alikuwa ananitazama.

"Sijui," nilisema.

Jumanne, 14 Oktoba

Koko anahamishiwa nyumba ya wazee Columbus, karibu na barabara ya Morse. Jules: chérie, si ungesema tu kwamba anayakumbuka ila hayataji? Bon, kweli ningeweza. Neno hilo halikunijia siku ile. Nimempigia nesi mara tatu, hapokei.

Nilikuwa nakunja sweta zake, Koko akanishika kifundo cha mkono. "Na huko wakiniuliza majina?"

"Nitakuja, Koko. Jules atanileta."

"Yeye anayajua?"

"Hayajui."

Hakuniachia mkono. Nikarudia: nitakuja, kabla ya mwezi huu kuisha.