Malkia Hana Mimba

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kukamua.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Mgongo unaendeleaje? Tulifurahi sana kusikia unatembea bila fimbo. Sisi hatujambo, ila mama watoto ana mafua, na goti langu ni lile lile.

Glavu ulizomtumia binti yetu zimefika. Mama watoto alidhani ni soksi za twiga, maana zinafika begani. Nikamweleza kwamba daktari wa mifugo huzivaa akiingiza mkono nyuma ya ng'ombe kupapasa ndama. Akaacha kuzijaribu.

Sasa sikia. Majuzi binti alianza kazi mnadani. Pale ng'ombe jike hauzwi mpaka mwenyewe atangaze kama ana mimba, kisha daktari ampime mbele ya wanunuzi. Dalali mmoja mnene akaanza maneno: daktari gani mdogo hivi, tena babake ana ng'ombe humu humu, si atambeba? Watu wakacheka. Binti alikuwa anavuta glavu tu, midomo kaibana. Nikajua siku hiyo wasipomwamini, hawatamwamini tena.

Nami kwa kiherehere changu nikamtanguliza Malkia wetu, nikatangaza kwa sauti kubwa: ana mimba ya miezi mitano. Na niliamini, dada. Alipandwa na dume la jirani, hakupata joto la kutaka dume tena, na tumbo lile ungeliona! Mwenye mimba hugombaniwa na wafugaji. Mtupu huishia kwa wachinjaji.

Binti akazamisha mkono hadi begani, akatulia, macho juu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nikamkonyeza. Akatoa mkono, akasema, "Hana mimba. Hili tumbo ni majani."

Hata hakuniangalia. Uwanja mzima ukanigeukia, nami natamani ardhi ipasuke. Nilikasirika, sikufichi. Mtoto nimemlea mwenyewe, leo ananivua nguo mbele ya wachinjaji!

Lakini yule dalali akavua kofia, akajikuna kichwa. "Babake mwenyewe hakubebwa, mimi nitabebwa?" akasema, kisha akaswaga ng'ombe wake wote binti awapime. Neno la udogo halikusikika tena. Hasira ikaniisha pale pale, nikajikuta nimesimama kifua mbele, na hata ng'ombe sijauza.

Malkia nimerudi naye, sikuweza kumwachia mchinjaji. Jioni binti kafika, kasimama mlangoni, hajui aingie au arudi. Nikamwambia, "Ingia, daktari, chai inapoa." Akacheka huku machozi yanamtoka.

Nisalimie shemeji na watoto. Mwenyezi Mungu akulinde, na mgongo huo upone kabisa.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye. Jina langu wewe unalijua, lakini mnadani wamelisahau. Siku hizi wananiita Baba Daktari, nami naitika kabla hawajamaliza.