Kuku wa Utani

Mpanda,
14 Agosti 1956

Kwa Kaka Hilari, Chala.

Salamu nyingi zikufikie wewe, mama na wote wa nyumbani. Naamini mlifika salama baada ya mazishi, na usingizi wa mama umeanza kurudi. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Utashangaa kwamba leo sikuiti mtumwa wangu wala sikudai ng'ombe, kama ilivyo desturi ya Mnyamwezi akimwandikia Mfipa. Nivumilie. Utani umenitoka.

Nataka kukueleza habari za lori alilokuwa akiendesha mdogo wako Damiano. Lilirudi kutoka Sibwesa likitoa moshi mweusi na kukohoa kila mlima, naye akaniletea gereji akinitukana tangu getini, kwamba fundi wa Kinyamwezi anajua kubeba mizigo tu. Nikamjibu kwamba lori limeugua kwa kukaliwa na Mfipa. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka minne, na sikuwahi kuwa na rafiki mwingine kama yeye.

Shida ilikuwa nozeli, zile zinazorusha mafuta ndani ya injini. Kuijua mbovu, unaiacha injini iungurume, unalegeza bomba moja moja. Ukigusa la nozeli nzima, injini inashtuka. Ukigusa la mbovu, haina habari. Ya nne ndiyo iliyokuwa mbovu. Niliichomoa, nikaifunga tena bombani ikitazama nje, nikabonyeza pampu kwa bisibisi, ikadondosha kama pua yenye mafua. Nikajaribu mpya, ikatoa ukungu mzuri, mwembamba. Nilijivuna sana, kaka.

Damiano akasema ule ni moshi wa kiko cha bibi yangu, hauwezi hata kulowesha karatasi. Nikamwambia kama ni mwanamume aweke mkono nimbatize upya, maana ubatizo wa Chala haukumshika. Akaweka. Nikabonyeza. Akaruka, kisha akacheka, akanionyesha kitone kidogo kidoleni, hata damu hakuna. Lori likapona, akaondoka akiimba.

Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Nilimpeleka mwenyewe zahanati. Dresa alipouliza amefanya nini, Damiano alinitazama kwanza, ndipo akasema amechomwa na mwiba. Akapakwa dawa, akafungwa bendeji, akaambiwa arudi baada ya siku tatu. Siku ya tatu mkono ulikuwa mweusi. Daktari aliukata, lakini sumu ilikwisha kutangulia. Yaliyofuata unayajua, maana wewe ndiye uliyemshusha kaburini.

Sasa nikwambie linalonila. Mzee Eustace, fundi wetu mkuu, alinionya siku ya kwanza niliyoshika kazi hii kwamba mafuta ya nozeli hupenya ngozi kama sindano na kuozesha nyama kwa ndani, na aliyepigwa apasuliwe siku ileile. Nilijua, kaka. Nilijua nilipomwambia aweke mkono, ila utani ulinitangulia. Na nilijua niliposimama mbele ya dresa, nikanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Ndugu yako alinificha, nami nikakubali kufichwa.

Pale makaburini nilijitupa shimoni, nikapiga kelele kwamba mimi ndiye niliyemuua Damiano, nizikwe naye. Mlicheka wote. Hata mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Mkasema huyu ndiye mtani hasa, mkanivuta juu, mkanipa kuku wangu kama desturi inavyotaka. Yuko hapa, nimemfunga kwenye tendegu la kitanda. Siwezi kumchinja, wala kumgawa siwezi. Namlisha tu.

Nakuomba uisome barua hii mara mbili, halafu umsomee mama. Akianza kucheka, mwambie kwamba safari hii si utani. Mkiniita Chala nitakuja, na lolote mtakalonitendea nitalipokea.

Nisalimie mkeo Bibiana na watoto. Mama msalimie kama utaona inafaa.

Ni mimi niliyekuwa mtani wenu,
Kasimiri