Noah Aimbishe Akiwa Mbele

Mama Chepkosgei mshauri wetu, nakusalimu kutoka Kibomet hapa Kitale, naomba unisaidie maana roho yangu imegawanyika, nusu inafurahi na nusu inaogopa.

Mume wangu Noah ni mwalimu wa kwaya na alikuwa fundi wa kuezeka nyumba, akaanguka kutoka kwa paa akaumia mgongo, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu, lakini sauti haikuumia na kwaya hakuacha, na ukiwasikia wakiimba utajua wamefundishwa na mtu anayejua kazi yake. Sasa tulialikwa ibada kubwa Bungoma, na Jumapili kabla ya safari mchungaji akasema mbele ya watu wote ati Noah aende lakini akae nyuma, Kagwe wa besi ndiye aimbishe, kwa sababu tunahubiri baraka na wageni wakiona kiongozi wetu kwa kiti watauliza ni baraka gani hiyo.

Noah alianza kugeuza kiti chake atoke, na mimi ambaye sijawahi kuongea kanisani nikajipata nimesimama.

Nikasema, "Mchungaji, mimi ndiye naishi na huyu mtu. Watoto wetu huamka wakimsikia akiimba, na hata siku za maumivu hutushika mikono tuombe. Kama hiyo si baraka, basi nifundishe upya."

Mary Ann wa soprano akasema, "Bila mwalimu sisi hatuimbi," na Kagwe mwenyewe akaketi chini kukataa nafasi hiyo.

Tulienda Bungoma na Noah akaimbisha akiwa mbele, watu wakasimama wote, na mimi nilijivuna mpaka machozi. Lakini mchungaji hatusalimii tena, na mama yangu kule Matulo amenipigia simu akasema, "Nasike, umemwaibisha mtumishi wa Mungu, baraka itahama kwako. Omba msamaha mbele ya kanisa, halafu umpeleke Noah kwa mkutano wa maombi aombewe mpaka asimame kutoka kwa kiti, watu wanyamaze." Noah sijamwambia haya. Je, nilikosea, na kweli baraka inaweza kuhama?

Ni mimi, Nasike.

JIBU

Nasike mwanangu, nimesoma barua yako nikaisoma tena, na mara zote mbili niliona fahari kwa ajili yako. Hukumtukana mtu. Ulisema ukweli mbele ya wale walioambiwa uongo, na ukweli huo hauombewi msamaha.

Yesu alipoketi mlimani akawaita watu heri, hakuwaita wenye miili mizima na mali. Aliwaita wanaolia, maskini na wapole. Kubarikiwa ni Mungu kuwa pamoja nawe katika hali uliyo nayo. Baraka ya namna hiyo haihami kwa sababu mchungaji amenuna.

Lakini nawe nikukaripie kidogo. Umeniuliza mimi niliye mbali, na Noah unayelala naye hujamwambia. Unamficha maneno ya mama yako kana kwamba naye masikio yaliumia. Mwili huo ni wake. Leo mkishakula, mwambie yote, kisha umwulize kama anataka kwenda kuombewa. Akitaka, mpeleke kwa furaha, kwani maombi si aibu. Asipotaka, asisukumwe na mtu yeyote, hata mama mkwe.

Mama yako usimjibu kwa simu. Mwalike Kibomet akae siku kadhaa, aone mnavyoishi.

Kwa mchungaji nendeni wawili, nyumbani kwake, si madhabahuni. Kama sauti yako ilikuwa kali, ombea sauti hiyo msamaha. Maneno yenyewe usiyarudishe hata moja. Naye Noah amwambie kwa kinywa chake jinsi alivyojisikia alipoambiwa akae nyuma. Mchungaji akiwa mtu wa Mungu, atasikia. Akikataa kusikia, wazee wa kanisa wapo.

Jumapili ijayo vaa nguo yako nzuri, uketi mahali utakapomwona vizuri mumeo akiimbisha. Na ukijivuna tena mpaka machozi, usiyapanguse haraka.