Babu Alisoma Muswada Kama Sheria

Shamsa, nimetoka kwa babu Datius sasa hivi. Siamini alichoniambia.

Miaka ya sitini alikuwa karani Bukoba. Kila Jumamosi alikwenda Izigo kuwasomea wakulima Gazeti la Serikali. Walikaa kwenye nyarubanja, ardhi ya bwana mmoja, wakimlipa bwana huyo kodi ya pombe ya ndizi.

Siku moja akasoma muswada wa kuwapa wakulima vibanja vyao, yaani mashamba waliyolima. Mkulima mmoja, Mutembei, akauliza, "Karani, kibanja ni changu?"

"Ni chako."

Ni chako, Shamsa! Bunge lilikuwa halijaupitisha!

Kesho yake Mutembei akampelekea bwana kibuyu kitupu. "Mzee, kuanzia leo utakunywa maji ya ziwa."

Akapewa siku saba ahame.

Akamjia babu akicheka. "Aniguse aone! Si uliisoma sheria mwenyewe?"

Babu angekiri, Mutembei angewahi kuomba radhi. Lakini nani angemsikiliza tena karani asiyejua tofauti ya muswada na sheria? Akajibu, "Tulia tu."

Siku ya nane nyumba ikabomolewa.

Sheria ilipita mwezi uliofuata. Mutembei akaamini kwamba bwana ndiye aliyeikaidi. Mpaka anakufa alimwita babu "karani wetu mkweli", na babu aliitika kila mara.